Shajara ya mradi: faharasa ya makosa ya ukingo wa sarafu

Januari, mwanzo

Lengo ni faharasa ya Kiswahili ya makosa yanayotokea kwenye ukingo wa sarafu kiwandani, yenye picha, ambayo mkusanyaji wa Tanga au wa Muscat ataishika pamoja na sarafu yake akaamua anachokiona. Sitafsiri orodha za Wamarekani. Ninazo, na zina mengi ya kufundisha, ila zimekua kama mtaa usiopimwa viwanja: neno moja linataja sura ya sarafu, la pili linataja mashine, la tatu ni utani wa wauzaji waliotaka bei ipande. Nikizihamisha zilivyo nitahamisha na vurugu yake.

Kazi ya kwanza ni mipaka. Sarafu ina nyuso mbili na ukingo. Ukingo ni unene wake, sehemu inayogusa meza sarafu inapoviringika. Mdomo ni kitu kingine: ule mwinuko mwembamba unaozunguka uso, unaozuia picha isisagike na unaofanya sarafu zipangike moja juu ya nyingine bila kuyumba. Wakusanyaji wengi ninaowasiliana nao huita vyote viwili "pembeni", na hapo mazungumzo huharibika. Mtu anasema sarafu yake ina kasoro pembeni, unamjibu kuhusu ukingo, kumbe yeye anatazama mdomo. UKINGO na MDOMO vimeandikwa juu kabisa ya jedwali. "Pembeni" halitaingia popote.

Sarafu zenye pembe, kama shilingi 50 yetu ya pembe saba, zimewekwa kando kwa sasa. Zina matatizo yake.

Januari, baadaye

Mpangilio umepatikana. Nilikuwa na njia mbili: kupanga makosa kwa sura (yenye meno, isiyo na meno, pana, iliyopinda) au kupanga kwa hatua ya kiwandani ambapo jambo liliharibika. Mwenzangu wa Mombasa anapendelea sura, na hoja yake ina uzito: mtu mwenye sarafu mkononi anaona sura tu, mashine haioni. Mimi nimechagua hatua. Sura moja inaweza kuletwa na sababu tatu, na mojawapo ni mtu aliyekaa na tupa nyumbani kwake.

Hatua zenyewe, kwa sarafu ya kawaida ya leo: mkanda wa metali unatobolewa visahani, visahani vinapashwa moto ili vilainike, kisha vinaoshwa, vinapita kwenye mashine inayovibana pembezoni ili mdomo uinuke, vinaingia kwenye shinikizo, yaani mashine ya kupigia, na kupigwa na mihuri miwili, wa juu na wa chini, vikiwa ndani ya pete ya chuma. Baadhi ya sarafu zina hatua moja zaidi, ya kuandikwa maneno kwenye ukingo. Halafu zinahesabiwa, zinafungwa, zinaingia mtaani, na mtaani nako zinaharibiwa.

Kisahani kabla hakijabanwa nitakiita kisahani kibichi. Kikishabanwa mdomo, kisahani tayari. Kinachopiga ni muhuri. Neno "kalibu" lilipendekezwa, lakini kalibu humiminiwa kitu kikaganda, na sarafu hizi hazimiminwi.

Februari

Mwezi mzima umekwenda kwenye pete, na sioni ubaya, kwa sababu makosa mengi ya ukingo yanapita hapo.

Nilimpelekea michoro mzee mmoja aliyestaafu karakana ya reli, fundi wa mashine ya kukereza. Sarafu hazimhusu hata kidogo, ndiyo maana nilimtaka. Nikamweleza kwamba metali inaposhindiliwa na mihuri hutaka kukimbilia nje, na pete ndiyo inayoizuia.

"Basi pete hiyo haipo kushika tu, mwanangu," akasema. "Hiyo ni muhuri wa tatu."

Amesema kweli kuliko vitabu vingi. Pete ikiwa laini kwa ndani, ukingo unatoka laini. Ikiwa na mifereji, ukingo unatoka na meno. Senti 10 ya Marekani ina meno 118, senti 25 ina meno 119, nusu dola ina 150, na yote yanazaliwa kwa pigo moja, si kwa kuchongwa baadaye. Meno yamesimama wima, ndiyo sababu sarafu inaweza kusukumwa juu ikatoka bila kukwama.

Haya ndiyo maingizo ya pete tuliyokubaliana:

*Pigo bila pete.* Pete haikupanda kabisa, labda imekwama chini kwa uchafu au chemchemi yake imechoka. Mihuri inapiga, metali inatanuka kama donge la chapati chini ya kifimbo. Sarafu inatoka pana kuliko kawaida, ukingo hauna meno, lakini picha zote mbili zimekamilika. Senti 25 ya Marekani ina kipenyo cha milimita 24.26, ya bila pete itazidi hapo wakati uzito umebaki gramu 5.67 zilezile. Mizani na kipimo cha vernia vinatosha kuanzia.

*Pigo kando.* Hili lilitaka kumezwa na hilo la juu. Hapa kisahani hakikukaa katikati ya mihuri, na sehemu ya picha imekosekana. Sharti letu: picha ikikamilika ni pigo bila pete hata kama imesogea kidogo, herufi au sehemu ya picha ikikatika ni pigo kando.

*Pete nusu.* Pete ilipanda ila haikufika juu. Sehemu ya unene ikaumbwa na pete, iliyobaki ikamwagika juu yake na kutanuka. Ukitazama ukingo unaona ngazi: chini meno, juu utepe laini uliochomoza. Wamarekani huifananisha na gurudumu la treni. Nilitegemea mzee wa karakana angeshangilia jina la reli, lakini alilikataa. Kwake gurudumu lina kazi yake, na ngazi ya namna ile kwenye kipande cha chuma huitwa bega. Kila fundi wa kukereza anajua bega ni nini.

Hapo tukabishana. Mwenzangu wa Mombasa anataka "sarafu yenye bega" liwe jina la ingizo. Ni zuri, nakiri. Lakini linataja sura. Nimeamua kwamba jina la ingizo linataja sababu, na sura inaingia kwenye maelezo: *pete nusu, huacha bega kwenye ukingo.* Pete ikipanda upande mmoja zaidi ya mwingine, bega linapanda na kushuka kuzunguka sarafu, nasi tunaandika *pete nusu ya mshazari*.

*Pete yenye ufa* huacha mstari uliosimama na kuinuka kwenye ukingo, kwa sababu metali imeingia kwenye ufa. Nadra, lakini imo.

*Mdomo wembe.* Shinikizo likizidi, metali hupenya kwenye nafasi ndogo kati ya muhuri na pete na kuinuka kama ukucha mwembamba kwenye mpaka wa mdomo na ukingo. Je, ni kosa? Wakusanyaji wengi hawalilipii hata senti. Nimeliweka lenye alama ya "hali", si "kosa". Wakitaka kubishana, wabishane na alama.

Machi, mwanzo

Nimerudi nyuma kwenye visahani, kwa sababu pengo la kisahani lina ushahidi mzuri kuliko kosa lolote jingine la orodha hii.

Mashine ya kutoboa inashuka mahali ambapo mkanda tayari una tundu, au karibu na mwisho wa mkanda, na kisahani kinatoka kimepungua. Pengo linakuwa la mviringo kama sarafu iliyoumwa, au limenyooka kama limekatwa kwa rula. Jina halikuleta ubishi: *pengo*, kama la meno. Tatizo ni kwamba mtu yeyote mwenye mkasi wa bati anaweza kulitengeneza.

Ushahidi uko upande wa pili wa sarafu. Kisahani chenye pengo kinapopita kwenye mashine ya kubana mdomo, kila pengo linapofika kwenye ukuta wa mashine hakuna kinachosukuma, kwa hiyo upande ulio mkabala nao haubanwi sawasawa. Baada ya pigo, mdomo wa mkabala hufifia au hukosekana kabisa. Wakusanyaji huita dalili hii kwa jina la Blakesley. Nimeiacha *dalili ya Blakesley*. Jina la mtu halihitaji kuvalishwa kanzu. Sarafu iliyokatwa nyumbani ina mdomo kamili mkabala na pengo, kwa kuwa pengo lilikuja baada ya kila kitu kwisha. Dalili haionekani kila mara hata kwenye pengo la kweli, kwa hiyo ingizo linasema: ikiwepo, inasaidia sana, isipokuwepo, endelea kuchunguza jinsi metali ilivyotiririka karibu na pengo.

Hapa mwenzangu wa Mombasa amekubali mpangilio wa hatua. Dalili ya Blakesley haielezeki kwa sura peke yake.

Machi, mwisho

Maandishi ya ukingo. Sura nzima tumeijenga juu ya mfano mmoja, dola za marais wa Marekani, yaani sarafu za dola moja zenye sura za marais, kwa sababu hakuna mahali pengine ambapo makosa ya namna hii yalimwagika mtaani kwa wingi hivyo na karibu na wakati wetu.

Sheria ya kuzitoa ilipitishwa mwaka 2005. Dola ya kwanza, yenye sura ya George Washington, ilitolewa tarehe 15 Februari 2007. Ili kuacha nafasi kwenye nyuso, mwaka, alama ya kiwanda na kauli mbili za kitaifa, E PLURIBUS UNUM (kutoka wengi, mmoja) na IN GOD WE TRUST (tunamtumaini Mungu), vilihamishiwa kwenye ukingo. Havikuwekwa na pete. Sarafu zilipigwa kwanza zikiwa na ukingo laini, kisha zikapelekwa kwenye mashine nyingine iliyoziviringisha kwa kasi na kuyakandamiza maneno ndani ya metali.

Hatua iliyotengwa hivyo inaweza kurukwa, na ilirukwa. Kufikia Machi 2007 watu walikuwa wanapata dola za Washington zenye ukingo mtupu, na makadirio ya wakati ule yalizungumzia 50,000 au zaidi. Magazeti yakazipa jina la dola zisizo na Mungu, kwa kuwa tamko la kumtumaini Mungu lilikuwa miongoni mwa yaliyokosekana. Uvumi ukaenea kwamba serikali imelifuta kwa makusudi. Kuanzia 2009 maneno hayo yalirudishwa usoni kwa amri ya sheria, na ukingo ukabaki na mwaka, alama ya kiwanda na E PLURIBUS UNUM.

Jina la utani halitaingia kama ingizo. Ingizo ni *ukingo mtupu*, na chini yake kuna jambo ambalo hucheka nalo kila nikilisoma: alama ya kiwanda nayo ilikuwa kwenye ukingo. Sarafu iliyokosa maandishi imekosa na cheti chake cha kuzaliwa. Ukiwa nayo mkononi huwezi kuiuliza kama ni ya Philadelphia au Denver.

Dola ya John Adams, iliyofuata mwaka huohuo, ilikuja na kinyume chake: zilizopita kwenye mashine mara mbili. Maingizo mawili. *Maandishi yaliyorudiwa, mwelekeo mmoja*: mistari yote miwili inasomeka upande uleule, imepandiana. *Maandishi yaliyorudiwa, mwelekeo kinyume*: mstari wa pili umesimama kichwa chini ukilinganishwa na wa kwanza. Halafu lipo la tatu, *maandishi yaliyoteleza*, pale sarafu iliposerereka wakati wa kuandikwa, na nafasi kati ya maneno zikabanana upande mmoja na kuachana upande mwingine.

Tumeongeza onyo lenye herufi nene, kwa kuwa swali hili huja kila wiki. Dola iliyolazwa rais akitazama juu inaweza kuwa na maandishi yaliyosimama sawa au yaliyopinduka. Zote mbili ni za kawaida. Sarafu ziliingia kwenye mashine ya maandishi bila kupangwa upande, kwa hiyo mwelekeo ni wa bahati nasibu. Wakusanyaji huzitenga kwa herufi A na B, A ikiwa ile iliyopinduka, na hakuna kati yake iliyo kosa. Anayekuuzia "dola yenye maandishi ya kichwa chini" anakuuzia nusu ya dola zote.

Aprili

Ukingo mtupu umetufungua macho kuhusu dola iliyopigwa bila pete. Sarafu hiyo ni pana mno. Mara nyingi haiingii kwenye mashine ya maandishi, na inatoka bila herufi hata moja. Sura yake ni ukingo mtupu. Kosa lake ni la pigo. Tungepanga kwa sura, sarafu hizi mbili zingelala kitanda kimoja na bei zake zingechanganywa na kila muuzaji mjanja. Sasa kila ingizo lina mstari wa "usichanganye na".

Mstari huohuo umezaa sura ya tano, *uharibifu wa mtaani*, ambayo sikupanga iwe ndefu na imekuwa ndefu kuliko zote. Sehemu kubwa ya picha tunazoletewa zinaishia humo. Sarafu iliyonaswa ndani ya mashine ya kukaushia nguo inagongagonga kwa muda mrefu mpaka mdomo unajikunja kwa ndani na kipenyo kinapungua. Mwenyewe anaapa ni kosa la kiwandani. Sarafu iliyogongwagongwa ukingo kwa kijiko ili itengenezwe pete ya kidole. Mkwaruzo wa mduara ulioachwa na mashine ya kufunga mabunda ya sarafu. Na ukingo uliosuguliwa maandishi kwa tupa, ambao hugundulika kwa mikwaruzo inayokwenda upande mmoja na kwa uzito uliopungua chini ya gramu 8.1.

Kanuni ya sura hii imeandikwa kwa sentensi moja: kiwanda hukandamiza metali, mtaa huisukuma, huikwaruza au huiondoa. Tazama metali imekwenda wapi.

Senti 10 na senti 25 za Marekani za kuanzia 1965, na nusu dola za kuanzia 1971, zina kitu cha ziada cha kuangalia, mstari wa shaba katikati ya ukingo, kwani ni tabaka za nikeli na shaba zilizobana moyo wa shaba. Ukikuta uso mmoja ni mwekundu, geuza ukingo: tabaka moja likikosekana, ukingo utakuonyesha.

Mei

Nilitaka faharasa iwe na sarafu moja ambayo bibi zetu waliishika, na chaguo lilikuwa rahisi: reale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha ya Austria. Ilitembea Zanzibar, Oman na Uhabeshi, ikipimwa na kuhesabiwa katika kila biashara ya pwani. Mwaka wake ni 1780 daima, mwaka aliokufa malkia, ingawa iliendelea kupigwa. Katika karne ya 20 ilipigwa hata Rome, London, Paris, Brussels, Bombay na Birmingham. Ukingoni ina maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA, yaani haki na huruma.

Sababu ya maneno ni ileile iliyowafanya Waingereza waandike DECUS ET TUTAMEN, yaani pambo na kinga, kwenye ukingo wa sarafu zao kubwa za karne ya 17: fedha ilikuwa inamegwa. Mtu anapunguza kidogo ukingo wa kila sarafu inayopita mikononi mwake, anayeyusha vipande, na sarafu inaendelea kutumika kwa thamani ileile. Ukingo wenye maneno haumegeki bila kusema.

Hili limeleta ingizo la pete yenyewe. Herufi zilizochomoza haziwezi kutoka kwenye pete ya kipande kimoja, zitakwama. Suluhisho ni *pete ya vipande*, kwa kawaida vitatu, vinavyofungana wakati wa pigo na kuachana baadaye. Dola 20 ya dhahabu ya Marekani iliyochongwa na Augustus Saint-Gaudens mwaka 1907 ilipigwa hivyo. Maungio huweza kuacha mistari miembamba iliyosimama kwenye ukingo. Mistari hiyo si pete yenye ufa, na imeingizwa kwenye "usichanganye na" pande zote mbili.

Mzee wa karakana aliuliza kama sarafu za Tabora nazo zina pete. Alikuwa anajua kwamba mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa na vita, sarafu zilipigwa huku ndani ya karakana ya reli, na ameligeuza jambo hilo kuwa fahari ya kazi yake. Heller 20 za Tabora, sarafu za koloni la Wajerumani, zinastahili jedwali lao pekee, kwa sababu mihuri yake ina aina kadhaa. Nimemwahidi zitafuata.

Juni

Toleo la majaribio limekwenda kwa wasomaji. Malalamiko makubwa ni moja, na ni la haki: hatua ya maandishi tumeiweka ya nne, baada ya pigo, kana kwamba sarafu zote ni dola za marais.

Nusu dola za Marekani za kabla ya 1836 ziliandikwa ukingoni kabla ya kupigwa. Kisahani kiliviringishwa kati ya vyuma viwili vyenye herufi, kwa mashine ya aina iliyoanzia kwa Mfaransa Jean Castaing katika karne ya 17. Kikiteleza, FIFTY CENTS OR HALF A DOLLAR inajipandia yenyewe. Mwaka 1836 shinikizo la mvuke na pete vilileta meno, na maneno yakaondoka. Yuro 2 za leo nazo huandikwa ukingo kabla ya pigo, baadhi ya nchi kwa maneno yao, nyingine kwa namba na nyota. Ya Ujerumani inasema EINIGKEIT UND RECHT UND FREIHEIT, yaani umoja na haki na uhuru, na mwelekeo wake nao ni wa bahati nasibu.

Kwa hiyo ukingo mtupu wa yuro ulitokea kabla ya muhuri kushuka, na wa dola ulitokea baada yake. Hatua ya maandishi imetolewa kwenye namba na kupewa herufi M, ikifuatwa na "kabla" au "baada". Maandishi yaliyorudiwa ya John Adams sasa ni M-baada. Ya nusu dola za zamani ni M-kabla. Yuro zinasubiri picha. Anayeishi Ulaya na ana yuro 2 yenye ukingo usio wa kawaida alete tatu: ukingo mzima kwa vipande, uso wenye ramani, na sarafu ikiwa juu ya mizani.